Umechangiwa: je, KRA wana chao? Mwongozo kamili kwa familia na kamati za Mombasa

Jibu kwanza, kwa sababu wengi wanaouliza swali hili wana mgonjwa wodini au maiti haijazikwa. Pesa ulizochangiwa na jamaa, majirani na marafiki kwa ajili ya matibabu, mazishi, karo au nyumba iliyoungua si mapato, na hapa Kenya hazitozwi kodi ya mapato. Usitenge asilimia yoyote ukihofia KRA, mamlaka ya kodi. Lipa hospitali.

Nimekaa kwenye kamati za michango vya kutosha kujua kwamba taabu haiji kwenye kodi yenyewe. Inakuja baadaye, mtu anapoulizwa zile laki kadhaa zilizopita kwenye simu yake zilitoka wapi, naye hana karatasi hata moja ya kuonyesha. Na anayeulizwa mara nyingi si mgonjwa. Ni yule mpwa au mjomba mwenye moyo mzuri aliyejitolea laini yake itumike. Huyo ndiye ninayemwandikia zaidi.

Sheria imesimama wapi

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kifungu cha 3, imetaja aina za mapato yanayotozwa: faida ya biashara, mshahara na malipo ya kazi, pango la nyumba, riba, gawio, pensheni na kadhalika. Zawadi ya mtu kwa mtu haimo. Kenya haina kodi ya zawadi, na kodi iliyokuwa ikitozwa mali ya marehemu ilifutwa 1982. Kwa hivyo mjane aliyekabidhiwa pesa zilizobaki baada ya mazishi hadaiwi kodi kwa kuzipokea tu.

Angalia lakini: sheria haitazami mmeliita jambo kwa jina gani. Kuandika "mchango" juu ya bango hakufanyi kila shilingi iliyoingia kuwa zawadi. Ndiyo maana tunaanza na kupima.

Hatua ya 1: Pima kila pesa kwa maswali matatu

Nani ametoa? Ametoa kwa sababu gani? Amepata nini mkononi kwa kutoa?

Jirani wa Majengo akikutumia 500 kwa sababu amesikia mtoto wako anahitaji upasuaji, majibu yako wazi: ametoa kwa huruma na hakupata kitu. Hiyo ni zawadi. Imamu akitangaza baada ya Ijumaa na watu wakatia kwenye kapu, ni zawadi. Chama cha kina mama kikichanga kwa mwenzao, ni zawadi.

Sasa njoo kwenye yale yanayochanganya.

Mwajiri. Bosi akitoa mfukoni mwake kama binadamu mwingine yeyote, sioni tabu. Lakini kampuni ikikupa fedha kwa sababu wewe ni mfanyakazi wake, sheria inaangalia faida zote zinazotokana na ajira, na pesa taslimu inayopitia kwenye mshahara itakatwa kodi hata hati ikiiita "msaada". Matibabu yana mlango wake: gharama za matibabu ambazo mwajiri anamlipia mfanyakazi wake wa muda wote hazihesabiwi kama mapato ya mfanyakazi. Basi iombe kampuni ilipe bili moja kwa moja hospitalini, isikutumie wewe taslimu. Muone mhasibu wa kampuni kabla pesa haijatoka, kwa sababu ikishapita kwenye mshahara ni vigumu kuirudisha nyuma.

Chakula na fulana. Familia ikipika pilau na kuuza sahani, au ikichapisha fulana na kuziuza, ndani ya mchango mmeingiza biashara ndogo. Aliyenunua sahani amepata sahani. Andikeni mauzo hayo na gharama zake kwenye ukurasa wake, mbali na zawadi. Kwa shughuli ya siku moja sidhani mtu atakufuata, ila ukurasa ule ndio unaolinda jina la michango iliyobaki.

Duka lililoungua. Wenzako wa sokoni wakikuchangia usimame tena, hiyo ni zawadi. Mteja akilipa sasa ili apelekewe mali baadaye, hayo ni mauzo, hata kama amelipa mapema kwa kukuonea huruma. Na bima ikikulipa fidia ya faida uliyopoteza, sheria inaihesabu fidia hiyo kama faida. Pesa tatu, hukumu tatu, na zote zinaweza kuingia wiki moja kwenye laini ileile.

Wasanii na wenye wafuasi mtandaoni. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha kodi ya zuio (anayelipa huikata kabla ya kulipa) ya asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni. Kwenye orodha ya mapato hayo wametaja pia kamisheni au ada anayopata mtu kwa kuchangisha fedha za jambo fulani. Soma vizuri hapo. Kinachotozwa ni ada ya mchangishaji. Mchango wenyewe unaokwenda kwa mgonjwa haumo. Basi kama kijana maarufu wa Instagram amewasaidia kutangaza na mkakubaliana akate asilimia fulani, ile asilimia ni mapato yake na kodi ni yake. Kwa maoni yangu makubaliano kama hayo yaandikwe na watoaji waambiwe. Mtu aliyetuma 200 kutoka kwenye faida ya siku ya kuuza viazi karai ana haki ya kujua 200 yake inakwenda wapi.

Hatua ya 2: Andika kabla shilingi ya kwanza haijaingia

Kaeni kikao, hata kama ni watu watano barazani. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katibu aandike muhtasari wa ukurasa mmoja: mnamchangia nani, kwa ajili gani, lengo ni kiasi gani, pesa zitapokelewa wapi, na zikizidi zitafanywa nini. Watatu watie sahihi na tarehe. Karatasi hii ina nguvu kuliko nyingine yoyote mtakayoitafuta baadaye, kwa sababu imeandikwa kabla ya mtu yeyote kuuliza.

Ambatanisha ushahidi wa shida yenyewe: barua ya daktari au makadirio ya gharama kutoka hospitalini, kibali cha mazishi, barua ya shule yenye salio la karo, au hati ya polisi ikiwa ni moto.

Tangazo la WhatsApp nalo ni ushahidi, basi chunga maneno. Andika "changia" au "saidia". Usiandike "wekeza", "kopesha" wala "utarudishiwa", hata kwa utani, isipokuwa kweli ni mkopo. Mkopo si mapato pia, lakini ni deni, na deni lina maswali yake.

Jambo jingine kamati nyingi hulisahau. Kuchanga ndani ya ukoo na marafiki ni kitu kimoja. Mkianza kuzungusha kopo Marikiti, kivukoni Likoni au kwenye mlango wa supamaketi, mmeingia kwenye makusanyo ya umma, ambayo yana sheria yake, Sura ya 106, na yanahitaji kibali. Anzieni kwa chifu mpate maelekezo.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kupokelea

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, maana makosa mengi huzaliwa hapa.

Usipokee mchango kwenye namba ya till ya duka lako, wala Pochi la Biashara, wala akaunti ya kampuni. Chukua mfano wa fundi mwenye duka la spea Changamwe. Mauzo yake ya mwaka ni 2,100,000, na yuko kwenye kodi ya mauzo, ile wafanyabiashara wanaiita TOT, ambayo ni asilimia 3 ya mauzo kwa anayeuza zaidi ya milioni 1 na asiyepita milioni 25 kwa mwaka. Kodi yake ni 63,000. Mwaka huohuo shangazi yake anapelekwa India kutibiwa, na familia inatumia till ya duka kwa sababu inajulikana. Zinaingia 1,240,000. Anayesoma taarifa ya till anaona 3,340,000 zimeingia kwa biashara, na asilimia 3 ya hizo ni 100,200. Tofauti ni 37,200, kodi ya pesa ambayo haikuwahi kuwa yake. Na kama angekuwa anatozwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, vinavyopanda hadi asilimia 35, hesabu ingekuwa nzito zaidi.

Anaweza kujitetea, ndiyo. Lakini itambidi achambue muamala mmoja mmoja na kuonyesha huu ulikuwa breki za tuktuk na huu ulikuwa wa shangazi. Kazi hiyo ungeiepuka kwa kufungua laini mpya.

Njia zilizo safi ni hizi. Kwa mchango mdogo, laini mpya ya M-Pesa ya mweka hazina isiyotumika kwa kitu kingine. Kumbuka laini ya kawaida haiwezi kushika zaidi ya 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja hauzidi 250,000, kwa hivyo mkiwa na lengo kubwa toeni pesa kwenda hospitalini kila zinapokaribia kujaa. Kwa mchango mkubwa, akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili au watatu, yenye jina la shughuli. Au tumieni jukwaa la kuchangisha kama M-Changa, ambalo kazi yake ni hiyo hasa na linatoa orodha ya waliochanga. Lina makato yake, basi yasomeni kabla ya kuanza.

Iliyo bora kuliko zote, pale inapowezekana: wape watu Paybill ya hospitali yenyewe pamoja na namba ya mgonjwa. Pesa haipiti mikononi mwa mtu, na hakuna atakayeulizwa chochote.

Mpokeaji akiwa ni mweka hazina, apewe nakala yake ya muhtasari wa kikao. Familia ikishamaliza shida yake husahau, lakini taarifa ya simu yake itabaki na zile tarakimu. Nimeona watu wema wakisita kushika uweka hazina kwa hofu hii, na hofu yao ina haki. Karatasi moja yenye sahihi tatu ingewaondolea.

Hatua ya 4: Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema. Safu sita zatosha: tarehe, jina, kiasi, njia iliyotumika, namba ya muamala, na maelezo. Pesa taslimu iandikwe na mpokeaji pamoja na shahidi mmoja, kisha iingizwe benki au kwenye laini siku hiyohiyo kwa kiasi kilekile. Usilipe teksi kutoka kwenye bahasha halafu uweke baki. Weka yote, kisha toa ya teksi kama matumizi. Hesabu itasomeka.

Upande wa matumizi, kila shilingi iliyotoka iwe na risiti. Bili ya wodi, dawa, sanda, mchimba kaburi, nauli ya jamaa kutoka Kwale. Pasipokuwa na risiti, mchimba kaburi anaweza kutia sahihi kwenye karatasi.

Mtoaji mkubwa, tuseme aliyetoa 100,000 na zaidi, mwombeni ujumbe mfupi: "Nimetoa kiasi hiki kumsaidia fulani katika matibabu, sitarajii kurudishiwa." Ujumbe wa WhatsApp watosha. Kisha hifadhini mazungumzo ya kundi nje ya simu, na mpakue taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote kabla laini haijafungwa. Hili la kupakua lifanyeni mapema, kabla kadi ya simu haijapotea.

Muda wa kuhifadhi: Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5. Wekeni yote kwenye bahasha moja na picha zake kwenye barua pepe ya watu wawili.

Hatua ya 5: Ndugu walio nje

Familia nyingi za Pwani zina mtu Marekani, Uingereza au Ghuba, na mchango mkubwa hutoka huko. Pesa anazokutumia dada yako kwa matibabu ya mama ni zawadi hapa Kenya sawa na za jirani.

Upande wa Marekani una mambo yake. GoFundMe, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, hairuhusu kutoa pesa moja kwa moja kwenda akaunti ya Kenya, kwa hivyo dada huifungua kwa jina lake na akaunti yake ya huko. Basi aandike wazi kwenye ukurasa wa mchango kwamba anakusanya kwa niaba ya mama aliye Mombasa. Anaweza kupata fomu ya kodi iitwayo 1099-K. Kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, kiwango cha shirikisho cha kutolewa fomu hiyo ni zaidi ya dola 20,000 pamoja na miamala zaidi ya 200, ingawa baadhi ya majimbo yana viwango vya chini. Kupata fomu si kudaiwa kodi. Fomu inaonyesha kiasi kilichopita tu, na sheria ya huko pia haihesabu zawadi kama mapato ya aliyepewa. Asiitupe wala asikae kimya. Aiweke pamoja na kumbukumbu za kuonyesha kwamba pesa zote zilikwenda Mombasa.

Mtu mmoja huko akitaka kutoa kiasi kikubwa sana, ajue kwamba Marekani inamtazama mtoaji. Kiwango cha zawadi kwa mtu mmoja bila kujaza fomu ya zawadi kilikuwa dola 19,000 kwa 2025. Akilipa hospitali moja kwa moja kwa ajili ya matibabu, malipo hayo hayaingii kwenye hesabu hiyo. Sababu nyingine ya kuwapa watu namba ya hospitali.

Hatua ya 6: Makato ya njiani

Mtu akisema "serikali imekata mchango wetu", mara nyingi anazungumzia ushuru wa bidhaa ulio ndani ya ada ya kutuma pesa. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ushuru huo ni asilimia 15 ya ada. Hautozwi kwenye mchango. Uandike kwenye matumizi pamoja na ada, basi.

Hatua ya 7: Zilizobaki na zinachozaa

Zawadi haina kodi, lakini inachozaa kina. Mkiweka karo ya yatima kwenye akaunti ya riba, benki itakata asilimia 15 ya riba kabla ya kuwapa, na kwa mtu binafsi kodi hiyo huishia hapo. Mkimjengea mjane vyumba viwili vya kupangisha Kisauni, mchango ule hautozwi, ila pango linahesabiwa. Kodi ya pango la makaazi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kwa anayepata zaidi ya 288,000 na asiyepita milioni 15 kwa mwaka. Vyumba viwili vya 6,000 kila kimoja vinaleta 144,000 kwa mwaka, chini ya kiwango hicho. Mkimnunulia kijana tuktuk, tuktuk ni zawadi na nauli ni mapato yake.

Baki lisiachwe bila uamuzi. Rudini kwenye muhtasari wa hatua ya 2, mfuate mlichoandika, na mtangaze kundini. Mweka hazina asibaki na hata 3,000 "kwa sasa". Pesa zinazokaa kwake bila maelezo zinaanza kufanana na malipo ya kazi, na malipo ya kazi yanatozwa.

Hatua ya 8: Ritani ya Juni

Ritani, yaani tamko la mapato ya mwaka uliopita, hujazwa kwenye iTax, mtandao wa KRA, kabla 30 Juni haijapita. Michango haiingii kwenye ukurasa wa mapato. Lakini kuchangiwa hakukuondolei wajibu wa kujaza: mwenye PIN (namba ya mlipa kodi) asiye na mapato hujaza ritani tupu, na anayechelewa hutozwa faini ya 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Msaada wa kujaza unapatikana Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Nenda Mei, wiki ya mwisho ya Juni foleni inachosha.

Na mtoaji asijaribu kuupunguza mchango kwenye hesabu yake ya kodi. Punguzo hilo ni la fedha zinazotolewa kwa mashirika ya hisani yaliyopewa msamaha na KRA. Kumtumia jirani ya upasuaji hakumo.

Hatua ya 9: Ikija barua

KRA wakilinganisha pesa zilizoingia benki na ulichotangaza kwenye ritani, wanaweza kudhani tofauti ni mapato. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Kodi kinaweka mzigo wa kuthibitisha kwa mlipa kodi. Usinyamaze na usikimbilie kulipa.

Barua ikiwa ya kuuliza tu, jibu ndani ya muda waliotaja: maelezo ya ukurasa mmoja, kisha muhtasari wa kikao, barua ya hospitali, daftari, taarifa ya M-Pesa au benki, na risiti. Weka alama kwenye kila muamala wa mchango ili anayesoma asihangaike.

Ikiwa wameshakadiria kodi, una siku 30 tangu kupewa taarifa kuwasilisha pingamizi kupitia iTax. Litaje wazi unalopinga, sababu, marekebisho unayotaka, na uambatanishe hati. Kama sehemu ya kodi unaikubali, ilipe, kwa sababu pingamizi halikamiliki bila hivyo. Kamishna ana siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, pingamizi lako linahesabiwa limekubaliwa. Akikataa, una siku nyingine 30 za kwenda Jopo la Rufaa za Kodi, na kwa hatua hiyo tafuta mhasibu au wakili wa kodi. Mchukulie bahasha nzima, na umwonyeshe kwanza ule muhtasari wenye sahihi tatu na tarehe iliyotangulia muamala wa kwanza.